Sura ya Tano: Ukiona Vyang'aa

Mtu akileta nyumbani trekta kuukuu la bustani, jambo la kwanza analowaza ni rangi. Mashine bado iko juu ya tela, tairi hazina upepo, panya wamezaliana chini ya boneti, lakini yeye ameshaiona ikiwa nyekundu au ya manjano, inang'aa. Wiki haijaisha, kopo limenunuliwa. Hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, kwa sababu kupulizia rangi ndiyo hatua fupi kuliko zote, tena ndiyo isiyosamehe chochote kilichofanywa vibaya kabla yake. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Vinavyong'aa navyo vimeundwa, na uundaji wake uko chini ya mng'ao.

Sura hii inaifuata kazi hiyo ya chini hatua kwa hatua. Inafuata pia swali ambalo fundi wa nyumbani hulikwepa mpaka linamkuta bunduki ya rangi iko mkononi: unairudisha mashine hii kwenye siku gani ya maisha yake?

Mashine iliyozaliwa na ua

Msomaji anayeijua Massey Ferguson ya shambani asiitafute hapa. Trekta la bustani la Marekani ni dogo. Mara nyingi lina injini ya silinda moja yenye nguvu farasi kati ya 7 na 16, na kazi zake ni kukata nyasi, kulima kipande cha mboga, kuvuta tela dogo na kusukuma theluji wakati wa baridi.

Limezaliwa na nyumba kuliko shamba. Sheria ya mwaka 1944 iliwawezesha askari wa Marekani waliorudi vitani kupata mikopo ya nyumba, na kuanzia 1947 vitongoji kama Levittown, jimbo la New York, vikaanza kujengwa kwa kasi ya kiwandani. Familia nyingi zikapata kitu ambacho wazazi wao wa mjini hawakuwa nacho: ua wa nyasi. Waliojenga mbali zaidi na mji walipata ua wa ekari nzima au zaidi, na hapo mashine ya kusukuma kwa mkono haikutosha.

Cecil Pond na baba yake Elmer walishaliona hilo. Walianza kutengeneza matrekta madogo South Bend, Indiana, mwaka 1946, na kampuni yao ikaja kujulikana kwa jina la Wheel Horse na rangi nyekundu. Wakubwa wa kilimo walifuata baadaye. International Harvester ilitoa Cub Cadet mwaka 1961 kutoka kiwanda chake cha Louisville, Kentucky, ikiwa ya manjano na nyeupe. John Deere ikajibu mwaka 1963 kwa modeli ya 110, iliyotengenezwa Horicon, Wisconsin, kwa kijani na manjano ileile ya matrekta yake makubwa.

Mashine za miaka hiyo zimedumu kwa sababu zilitengenezwa na watu waliozoea vyombo vya shambani. Nyingi zilibeba injini za Kohler za mfululizo wa K, ambazo bloku zake ni za kasti, yaani chuma cha kumiminwa kwenye kalibu. Kampuni hiyo ya Wisconsin ilikuwa tayari na jina kwa mabafu ya kasti, hivyo chuma kizito hakikuwa kigeni kwake. Fremu ni bamba nene, gia ni za chuma, na hakuna kompyuta yoyote. Mtu mwenye seti ya spana, kitabu cha matengenezo na subira anaweza kuifungua yote kwenye gereji ya nyumbani na kuifunga tena. Ndiyo maana nusu karne na zaidi baadaye kuna watu wanaozitafuta mabandani na minadani.

Isome kabla hujaigusa

Siku ya kwanza haihitaji spana. Inahitaji kamera, daftari na tochi. Piga picha kila upande, kila waya unakopita, kila springi ilivyoshikizwa, kila washa ilivyopangwa. Andika namba ya modeli na namba ya mfululizo kutoka kwenye kibati chake, maana vipuri na rangi hubadilika mwaka hadi mwaka. John Deere 110 za kwanza zilikuwa na madigadi ya duara. Kuanzia 1968 yakawa ya pembe. Anayenunua bila kujua yake ni ipi atalipia vipuri visivyoingia.

Kisha tafuta rangi ya asili. Haiko juu ya boneti, ambako jua limeipausha na pengine mwenyewe wa zamani ameipaka upya kwa brashi. Iko chini ya kiti, nyuma ya dashibodi, chini ya stika zinazobanduka, ndani ya mikunjo ambayo mwanga haukuwahi kufika. Kwangua kidogo kwa wembe na uhesabu matabaka, mpaka ufike kwenye chuma.

Wakati mwingine matabaka hayo husema jambo ambalo hukulitarajia. Kati ya 1969 na 1971 John Deere iliuza modeli za 110, 112, 120 na 140 zilizoitwa Patio. Mwili ulikuwa mweupe, na mnunuzi alijichagulia boneti na kiti cha nyekundu, chungwa, buluu au manjano. Wazo lilikuwa mashine iendane na nyumba na bustani. Wateja wa John Deere walitaka kijani, na wenye mashine hizi husimulia kwamba baadhi ya boneti zilipakwa upya kijani hukohuko kwa wauzaji ili zitoke dukani. Leo Patio yenye rangi zake za kwanza ndiyo inayotafutwa na wakusanyaji. Basi fikiria mtu amekuta chungwa chini ya kijani. Kijani hicho kina umri sawa na mashine, na pengine ndicho mnunuzi wa kwanza alichokiona. Ipi ni ya asili?

Cub Cadet nayo ina mtihani wake. International Harvester iliuza kitengo chake cha matrekta hayo kwa kampuni ya MTD mwaka 1981, na kwa miaka michache baada ya hapo trekta lilelile lilitoka kwa manjano na nyeupe kwa wauzaji wa Cub Cadet, na kwa nyekundu kwa wauzaji wa International. Anayekuta nyekundu chini ya manjano asikimbilie kusema mwenye mashine wa zamani aliiharibu, wala anayekuta nyekundu tupu asiite kosa.

Liendeshe likiwa baya

Waliozoea kazi hii wana kanuni moja wanayoirudia: trekta litengenezwe, liwashwe na liendeshwe likiwa bado na sura mbaya. Mafuta yanayovuja kutoka kwenye oili sili iliyochoka yatabandua rangi mpya. Gia inayokataa itakulazimisha kulifungua tena, na kila bolti utakayozungusha itakwaruza rangi uliyoitolea jasho.

Kwa injini ya Kohler ya aina hii, orodha ya kuanzia ni fupi. Safisha tangi na kabureta, kwa kuwa petroli iliyolala miaka mingi hugeuka gundi. Angalia pointi za cheche. Zikiwa zimeungua, badilisha pamoja na kondensa, na uache uwazi wa karibu nusu milimita. Badilisha oili kabla ya kuwasha. Ikiwa pistoni imeganda, mimina mafuta ya kulegeza kutu kupitia tundu la plagi, uache siku kadhaa, kisha uzungushe taratibu kwa mkono. Fungua pia mabati ya kupoozea yaliyozunguka silinda. Panya hupenda kujenga humo, na injini inayopoozwa kwa hewa haiwezi kupumua kupitia kiota.

Bolti zilizoganda zina elimu yake. Mafuta ya kupenya yanahitaji muda kuliko nguvu: paka jioni, gonga kichwa cha bolti kwa nyundo, paka tena asubuhi. Zikikataa, moto hutanua nati kabla ya bolti na kulivunja shikizo la kutu. Lakini usipeleke moto wala umeme wa kuchomelea mahali uliposafisha kwa dawa ya breki yenye klorini. Mvuke wake ukikutana na joto kali unaweza kutoa fosjini, gesi iliyotumika kuua askari katika Vita Kuu ya Kwanza. Soma kopo, na ununue isiyo na klorini.

Kutu na mambo mawili ya sumu

Kutu ndogo huondoka kwa brashi ya waya na msasa. Kwa vipande vilivyoliwa kote, kama rimu, mabano na kava la visu, mafundi wengi wa nyumbani hutumia elektrolisisi, njia ambayo gharama yake ni ndogo na matokeo yake ni ya kuridhisha.

Chukua pipa la plastiki na maji. Ongeza magadi ya kufulia, yaani sodiamu kaboneti, kiasi cha kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita 4. Chumvi hiyo hutengenezwa pia kutokana na magadi yanayovunwa Ziwa Magadi, Kenya. Panga vipande vya nondo kuzunguka ukuta wa pipa na uviunganishe kwa waya mmoja. Ning'iniza kipande chenye kutu katikati kisiguse nondo. Chaja ya betri ya volti 12 hufungwa hivi: chanya kwenye nondo, hasi kwenye kipande. Ukigeuza, kipande chako ndicho kitakacholiwa. Chaja nyingi za kisasa hazitoi umeme zisipohisi betri, kwa hiyo ya kizamani hufaa zaidi.

Umeme ukipita, kutu hulegea na kugeuka tope jeusi linalofutika, huku chuma kizima kikibaki kama kilivyo. Hiyo ndiyo sifa ya njia hii mbele ya msasa, ambao hula vyote viwili. Kazi hufanyika vizuri zaidi upande unaotazamana na nondo, ndiyo sababu ya kuzizungusha pande zote. Acha usiku kucha, suuza, kausha papo hapo na upake praima siku hiyohiyo, maana chuma kilicho uchi hushika kutu mpya kwa saa chache tu kwenye hewa yenye unyevu.

Masharti yake hayana mjadala. Usitumie chuma kisichoshika kutu mahali pa nondo, kwa sababu kromu iliyomo huweza kuyageuza maji kuwa sumu inayosababisha saratani. Fanyia nje, kwani povu linalopanda lina haidrojeni, na cheche moja yatosha. Zima kwenye soketi kabla ya kugusa vibanio. Usitumbukize alumini, ambayo magadi huila, wala springi, ambazo haidrojeni huweza kuzifanya zivunjike.

Sumu ya pili iko ndani ya rangi ya zamani yenyewe. Rangi za mashine za miaka ya 1950 hadi 1970 mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi. Watu hudhani mwaka 1978 ndio mpaka, kwa kuwa ndio mwaka Marekani ilipopiga marufuku rangi hizo. Lakini marufuku ile ililenga rangi za nyumba, fanicha na vitu vya watoto. Rangi za kupaka upya mitambo ya kilimo na viwanda ziliachwa nje. Trekta lililopakwa upya mwaka 1985 linaweza kuwa na risasi kama lile la 1965. Vipimo vidogo vya dukani huonyesha kwa dakika chache.

Risasi ikiwepo, mashine ya msasa mkavu iwekwe kando. Vumbi lake huingia mapafuni, hutua kwenye nguo, na kupitia nguo humfikia mtoto sebuleni. Piga msasa wenye maji, vaa barakoa ya chujio la chembe ndogo kabisa, kusanya takataka kwenye mfuko uliofungwa, na ufue ovaroli peke yake. Dawa ya kubandua rangi ni njia nyingine, ila si ile yenye dikloromethani. Hiyo imewaua watu waliokuwa wakiitumia vyumbani bila hewa, na mwaka 2019 Marekani ikakataza isiuzwe kwa wateja wa kawaida kwa kazi hiyo. Kupiga mchanga kwa kompresa nako kuna gharama zake: bamba jembamba la boneti huweza kujikunja, na vumbi la mchanga wa silika huharibu mapafu moja kwa moja.

Chini ya mng'ao

Sasa bamba liko uchi, na makovu yake yote yako wazi. Yaliyobonyea hunyooshwa kwa nyundo na kizuizi kwanza. Puti ni ya kuziba kilichobaki baada ya nyundo kushindwa, na tabaka lake liwe jembamba. Likiwa nene, mtikisiko wa injini ya silinda moja utalipasua. Bamba lililotobolewa na kutu halizibwi kwa puti. Hukatwa na kuchomelewa kipande kipya.

Praima ya epoksi hushika chuma na kuzuia unyevu. Juu yake huja praima nzito ya kujaza mikwaruzo, kisha msasa wa 320 na kupanda hadi 400, ukishikwa kwenye kibao ili usifuate mawimbi ya vidole. Wajuzi hupuliza ukungu mwembamba wa rangi nyeusi juu ya praima kabla ya kupiga msasa. Panapobaki weusi pana shimo, panapofutika mapema pana kilima. Mkono huhisi kasoro ambayo jicho haliioni, kwa hiyo funga macho na upitishe kiganja.

Rangi haisitiri kasoro. Ikiwa haina mng'ao, jicho hupita. Iking'aa, kila wimbi la bamba huvunja taswira ya taa iliyo juu yake. Anayetegemea tabaka la mwisho lifunike uvivu wa matabaka ya kwanza atauonyesha kwa majirani.

Kuhusu rangi yenyewe, enameli ya kawaida ya matrekta hupatikana kwa urahisi, hupulizwa bila shida na hurekebishika ikikwaruzwa, ingawa huchukua wiki kadhaa kukomaa. Kuongeza kigumishi huipa mng'ao na uimara, lakini vigumishi vingi vina aisosayanati, kemikali inayoweza kumpa mtu pumu ya kudumu, na barakoa ya kawaida ya chujio si kinga ya kutegemea. Wataalamu huvaa kofia inayoletewa hewa safi kutoka nje ya chumba. Asiye nayo afanye kazi na enameli isiyo na kigumishi. Mashine yake haitapungukiwa heshima.

Chagua siku kavu isiyo na upepo, joto la kati ya nyuzi 18 na 27. Zima kila kinachowaka, hata moto mdogo wa hita ya maji ulioko kona ya gereji, maana mvuke wa thina husafiri sakafuni kuutafuta. Futa bamba kwa kiondoa grisi, kisha kwa kitambaa chenye kunata. Shika bunduki umbali wa sentimita 15 hadi 20, mkono ukienda sambamba na bamba bila kuchora tao, na kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia. Tabaka la kwanza liwe jepesi, karibu lionekane halijakamilika. Michirizi mingi huzaliwa na tamaa ya kumaliza kwa mpito mmoja.

Siku gani?

Turudi kwenye swali. Wengi hujibu haraka: siku lilipotoka kiwandani. Lakini waliochunguza mashine ambazo hazijaguswa wanajua kiwanda hakikufanya kazi tuliyoieleza hapa. Rangi ilipulizwa kwa mwendo wa uzalishaji. Kuna michirizi kwenye fremu, kuna pembe za ndani zilizopata ukungu tu, kuna bolti zilizopakwa zikiwa zimeshafungwa. Trekta lenye puti iliyonyooshwa, praima mbili na mng'ao wa gari la harusi ni zuri, lakini halirudi kwenye siku yoyote iliyowahi kuwapo. Ni kazi mpya juu ya chuma cha zamani, na mwenyewe akilitambua hilo hana cha kuonea haya.

Upande mwingine wako wasiopaka kabisa. Hoja yao ni kwamba kitu huwa cha asili mara moja tu. Rangi iliyochakaa pale mguu wa mwenyewe ulipopumzika, na pale mkono ulipozoea kushika wenzo wa visu, ni rekodi ambayo hakuna fundi atakayeirudisha. Hao husafisha, husimamisha kutu kwa mafuta au nta, na huacha. Kwa mashine adimu yenye rangi yake ya kwanza, kama Patio ambayo bado ina chungwa lake, hoja yao ni nzito kuliko kopo lolote.

Matrekta mengi hayako upande wowote kati ya pande hizi mbili. Yamepakwa mara mbili au tatu, yana madigadi ya mashine nyingine, na yatarudi kukata nyasi. Kwa hayo, uamuzi ufuate kazi. Kava la visu litapigwa na nyasi mbichi na mawe kila wiki, kwa hiyo lipewe rangi rahisi ya kurekebisha. Boneti lipewe ubora wote ulio nao. Fremu ipakwe kwa uaminifu, bila kujaza na kulainisha alama ambazo kiwanda chenyewe kiliziacha.

Na vyovyote utakavyoamua, fanya mambo mawili ambayo watunzaji wa makumbusho huyafanya na mafundi wa nyumbani huyasahau. Acha kipande cha ukubwa wa kiganja bila kukipaka, chini ya kiti au nyuma ya dashibodi, matabaka yote yakionekana, ukifunike kwa vanishi tu. Kisha andika jina la rangi, namba yake, kipimo cha thina na mwaka, uweke karatasi hiyo ndani ya mfuko wa plastiki kwenye kisanduku cha vifaa. Injini ya kasti ikitunzwa itaishi kuliko rangi yako. Mtu mwingine atalifungua trekta hili, atakwangua kwa wembe, na kijani chako, nyekundu yako au manjano yako itakuwa tabaka mojawapo analojaribu kulielewa. Mwachie ushahidi, asije akalazimika kubahatisha.